Kabla ya Kupiga Kura: Blokaji ya Diferansieli ni Nini?

 

Wiki iliyopita niliahidi kumaliza habari ya mbegu za viazi na namna ya kuziweka zisioze. Naomba mbegu zingoje kidogo. Alhamisi tuna mkutano, na mezani kuna ombi moja kubwa: shoferi wetu anaomba mkopo katika kisanduku chetu cha akiba ili aweke blokaji ya diferansieli kwenye Land Cruiser yake. Sokoni nimesikia maneno mengi juu ya jambo hilo. Mama mmoja anasema huo ni ulaji wa feza tu. Mwingine anasema tumpe haraka, mvua isije ikatukuta. Nilipowauliza wote wawili blokaji ni kitu gani, hakuna aliyenijibu. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Basi nilienda kuuliza. Nilikaa garaji asubuhi mbili, moja Sake na moja Goma, kwenye kibao kidogo pembeni, kikwembe changu kikijaa mafuta machafu. Leo nawaletea niliyoyaona na niliyoelezwa, ili Alhamisi kila mmoja anyanyue mkono wake akijua kwa nini anaunyanyua.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Wako wanaosema mambo ya gari ni ya wanaume. Lakini tuangalie nani anapanda gari lile. Viazi vyetu, maharagi yetu, fromaji yetu na kabichi zetu haziendi Goma zenyewe. Zinapanda pikapu, na sisi tunapanda juu ya magunia. Gari likikwama usiku mmoja njiani kati ya Karuba na Sake, kabichi zinanyauka, fromaji inatoka jasho, na mnunuzi wa asubuhi ameshanunua kwa mwingine. Hasara hiyo hailipwi na shoferi. Inalipwa na mama mwenye gunia.

Tena kuna jambo zito kuliko viazi. Pikapu ile ile ndiyo inayobeba wagonjwa wetu usiku. Wengi wenu mnakumbuka wifi yangu, mvua za mwaka jana. Uchungu ulimshika jioni, mwuguzi akaona mtoto amekaa vibaya, akasema ashushwe haraka hospitali. Tulipanda gari watu sita. Pale bondeni, kabla ya kupanda kilima, gari lilizama. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka likirusha matope kama mashine ya kusaga, na la pili lilisimama kimya, juu ya ardhi kavu kabisa. Nililiangalia kwa tochi. Nilimuuliza shoferi: "Papa, hili lililo pakavu mbona halisukumi?" Akanijibu: "Mama, ndivyo gari lilivyo."

Tulichimba, tukaweka majani, tukaweka mawe, tukasukuma. Saa tatu zilipita. Mtoto alizaliwa pale pale, chini ya shiti, mvua ikinyesha. Mungu ni mkubwa, mtoto yuko na anatambaa. Mama yake alitoka damu nyingi, na tulipofika alikuwa hawezi tena kujibu jina lake. Walimwongezea damu, akapona. Lakini swali langu la usiku ule halikuniacha: kwa nini gurudumu lililo pakavu lisimame, na lililo kwenye matope lizunguke bure?

JIBU LA FUNDI

Fundi wa Sake alichukua vibao viwili na kunieleza hivi. Wakumbuke watoto wa shule kwenye defile ya tarehe 30 Juni. Mstari mzima unapokata kona, mtoto aliye ndani anapiga hatua fupi, karibu anakanyaga palepale. Aliye nje anapiga hatua ndefu, karibu anakimbia. Wote wawili wakilazimishwa kupiga hatua sawa, mstari unakatika. Magurudumu ya gari ni hivyo hivyo. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kwa hiyo katikati ya ponti, ile tumbo ya chuma unayoiona chini ya gari nyuma, kuna meno madogo yanayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti. Hayo meno ndiyo diferansieli. Jambo hili si la jana. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, aliliweka kwenye gari la mvuke tangu mwaka 1828.

Kwenye barabara nzuri diferansieli ni baraka. Bila yake mipira ingelika haraka na gari lingekataa kukata kona. Lakini ina sheria moja ngumu: inagawa nguvu sawasawa kwa magurudumu yote mawili, na haiwezi kumpa mmoja zaidi ya kile anachoweza kupokea mwenzake. Ni kama mama mwenye watoto wawili ambaye ameapa kwamba hakuna atakayekula tonge zaidi ya mwenzake. Mmoja akiwa mgonjwa na kumeza tonge moja tu, mzima naye anapewa tonge moja, hata kama njaa inamuuma. Gurudumu la matopeni halina cha kushika, linapokea nguvu kidogo sana. Basi na lile la pakavu linapewa kidogo hicho hicho. Ndiyo sababu linasimama.

"Lakini gari letu ni 4x4," nikamwambia. Akacheka. Kuingiza 4x4, alisema, ni kuunganisha ponti ya mbele na ya nyuma. Ndani ya kila ponti bado kuna diferansieli yake, na kila moja inafuata sheria ile ile. Kwa hiyo gari la 4x4 linaweza kukwama huku magurudumu mawili yakizunguka, moja mbele na moja nyuma, na mengine mawili yakiangalia tu. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara nyingi bila kujua jina lake.

Blokaji ni chuma kinachofunga yale meno ya katikati. Likifungwa, magurudumu mawili ya ponti ile yanakuwa kama kitu kimoja: yanazunguka pamoja au yanasimama pamoja. La matopeni likikosa nguvu, la pakavu linasukuma. Ukifika pazuri unafungua, na watoto wa defile wanarudi kukata kona yao bila kukatika.

Kenya kuna mashindano ya magari yanayoitwa Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989. Magari yanapita porini, pasipo barabara, na anayefika kwenye vituo vyote kwa safari fupi zaidi ndiye mshindi. Feza zilizokusanywa zilisaidia kujenga uzio wa misitu ya Aberdare, karibu kilomita 400, uliomalizika mwaka 2009. Magari yale ni ya watu wanaocheza, lakini mengi yamefungwa blokaji, na hata hivyo yanakwama. Nalisema hili ili mtu asidhani tunanunua mabawa.

NJIA TATU ZILIZO MEZANI

Shoferi wetu alipokwenda kuuliza bei alirudi na majibu matatu. Nitayaeleza moja moja, maana hapa ndipo feza zetu zinaweza kupotea.

Njia ya kwanza ni kuchomelea. Fundi mmoja alimwambia: "Nitayachomelea meno ya diferansieli ya nyuma yawe chuma kimoja, utanilipa bei ya mbuzi." Ni rahisi, na kazi inaisha siku moja. Lakini kilichochomelewa hakifunguki. Gari litakuwa limefungwa siku zote: matopeni, kwenye mawe, kwenye lami ya Goma, kwenye kona zote za mlimani. Kila kona gurudumu moja litalazimika kuburuzwa. Mipira italika, na vile vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu vitapindwa kila siku mpaka kimoja kivunjike, na hakitachagua kuvunjika mchana mbele ya garaji. Usukani nao unakuwa mgumu, gari linataka kwenda moja kwa moja penye kona. Penye korongo upande mmoja, gari linalokataa kona ni kaburi. Njia hii tuikatae hata kama ni ya bure.

Njia ya pili ni kununua blokaji mpya na kuifunga. Ziko zinazofungwa kwa upepo, kama zile za kampuni ya ARB ya Australia: shoferi anabonyeza swichi, kompresa ndogo inapeleka upepo kwenye ponti kwa mrija mwembamba, na upepo unasukuma chuma kinachofunga meno. Ziko za umeme, ambazo hazihitaji kompresa. Ziko pia zinazojifunga na kujifungua zenyewe bila swichi. Hizo zinapiga kelele kwenye kona na zinaweza kumshtua shoferi asiyezizoea. Kwa barabara zetu nzuri ni ile inayotii mkono wa shoferi. Lakini bei! Kifaa, kompresa na kazi ya fundi, kwa ponti moja tu, ni bei ya ng'ombe wawili au watatu wa maziwa.

Njia ya tatu sikuitarajia, na ndiyo iliyonifurahisha. Fundi wa Goma, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilala chini ya gari letu dakika chache kisha akatoka akiuliza: "Nani aliwaambia gari hili halina blokaji?" Alituonyesha mota ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye ponti ya nyuma, imejaa udongo mkavu, waya wake umekatwa. Land Cruiser za aina ya 70, ambazo Toyota ilianza kuzitengeneza mwaka 1984, nyingine zilitoka kiwandani na blokaji yake. Ukiangalia kwenye dashibodi utaona swichi ya duara yenye picha ya ponti na alama ya msalaba kati ya magurudumu. Swichi ya gari letu ipo. Miaka yote shoferi aliitundikia rozari yake, akidhani ni ya taa iliyokufa.

Mzee alisema ugonjwa huu ni wa kawaida kabisa. Mota isiyotumika inashika kutu. Maji ya mito tunayovuka yanaingia, grisi inakauka, na siku mtu akigeuza swichi hakuna kinachosogea. Alipoifungua tuliona kutu nyekundu kama udongo wa Masisi. Lakini meno ya ndani ya ponti ni mazima. Kinachotakiwa ni mota nyingine, hata iliyotumika kidogo, waya mpya, na mafuta mapya ya ponti. Bei yake haifiki hata ng'ombe mmoja.

Shoferi wetu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mama, usiku ule wa wifi yako, swichi ilikuwa mbele ya macho yangu." Sikumjibu. Hata kama angeigeuza, isingefanya kazi na waya uliokatwa. Lakini nilimuelewa.

KAZI YA KUFUNGA, TUIJUE

Mkopo ukipita, tutachagua wamama wawili waende garaji kushuhudia kazi. Nawaandikia yatakayofanyika ili wasidanganywe.

Tukitengeneza mota ya kiwanda, kazi ni ya siku moja. Mota ya zamani inatolewa, mahali pake panasafishwa, fundi anajaribu kwa mkono kama chuma cha kufunga kinasogea, kisha mota mpya inafungwa kwa gundi maalumu inayozuia maji. Waya unapitishwa juu, mbali na mawe. Na kale kamrija kembamba kanakopitishia pumzi ya ponti kanyooshwe na kupandishwa juu, maana kakiziba, ponti yenye moto ikiingia mtoni inavuta maji ndani, na maji yakichanganyika na mafuta, mafuta yanakuwa kama maziwa na meno yanakufa.

Kama siku moja tutanunua blokaji mpya, kazi ni kubwa zaidi. Vyuma virefu vya magurudumu vinavutwa nje, tumbo lote la diferansieli linashushwa, moyo wake wa zamani unatolewa na mpya unawekwa. Hapa ndipo fundi mzuri anajulikana. Nafasi kati ya meno makubwa na meno madogo inapimwa kwa chombo chenye mshale, kwa vipimo vidogo kuliko unywele, na inarekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma. Meno yanapakwa rangi na kuzungushwa ili kuona yanapogusana. Meno yakibana sana yanaungua, yakilegea sana yanalia na kuvunjika. Fundi akikuambia anapima kwa macho, mwambie asante, chukua gari lako uende.

Kwa kazi yoyote kati ya hizo, jaribio ni moja, na wamama wetu walione kwa macho yao. Ponti ya nyuma inyanyuliwe, magurudumu yote mawili yawe hewani, gari likiwa limefungwa vizuri kwa mawe mbele na injini imezimwa. Blokaji ikiwa wazi, ukizungusha gurudumu moja kwa mkono, la pili linaweza kuzunguka kinyume au kukaa. Blokaji ikifungwa, yote mawili yazunguke upande mmoja pamoja. Kisha ifunguliwe tena, tuone kama inafunguka kweli. Hakuna jaribio, hakuna malipo ya mwisho.

KISU HUKATA PANDE ZOTE

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wanaotaka tupige kura haraka. Miezi michache iliyopita nilipanda gari la mtu mwingine kutoka Mushaki. Lilikuwa na blokaji nzima, na kijana aliyeliendesha alijivuna nayo sana. Tulifika mahali ambapo barabara imeinamia upande wa korongo, utelezi kama sabuni. Kijana akageuza swichi, akakanyaga mafuta. Nilidhani tutapita. Badala ya kwenda mbele, mgongo wa gari ulianza kushuka pembeni, polepole, kuelekea bondeni. Tulipiga kelele. Gurudumu la nyuma liligonga jiwe kubwa ukingoni, gari likasimama. Chini yetu niliona vichwa vya migomba.

Nilimuuliza mzee wa Goma kwa nini ilikuwa hivyo. Alisema: gari lisilofungwa, gurudumu moja likizunguka bure, lile lingine limesimama, na gurudumu lililosimama linashika ardhi kama kidole cha mguu. Ndilo linalozuia gari lisiteleze pembeni. Ukifunga blokaji na kukanyaga mafuta kwa nguvu, yote mawili yanazunguka kwenye utelezi, na hakuna tena kidole kinachoshika. Ardhi ikiinama, gari linafuata mwinamo.

Kwa hiyo blokaji ile ile inayotutoa bondeni inaweza kututupa bondeni. Tofauti iko kwa shoferi, na kwetu sisi tuliokaa juu ya magunia tukijua au tusijue.

SHERIA ZA NJIANI

Nimeziandika fupi, ili zibandikwe ndani ya mlango wa gari.

Moja: blokaji inafungwa kabla ya kuingia matopeni, gari likiwa limesimama au linatambaa. Gurudumu likiwa linazunguka kwa kasi, usigeuze swichi, utavunja meno. Toa mguu kwenye mafuta, acha magurudumu yasimame, kisha funga.

Mbili: kwanza 4x4, na vitesi vile vizito vya chini, L4. Kama magurudumu ya mbele yana vifungo vya mkono, konvwayeri ashuke ahakikishe yote mawili yako kwenye LOCK. Blokaji ndiyo ya mwisho, si ya kwanza.

Tatu: taa ya blokaji ikiwaka bila kupepesa, ndipo uende. Ikipepesa, meno bado hayajakutana. Sogea kidogo mbele au nyuma, polepole.

Nne: nenda moja kwa moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Usikate kona kali.

Tano: ukifika ardhi ngumu, fungua papo hapo. Isipofunguka, sogea mbele na nyuma hatua chache ukicheza usukani kidogo kushoto na kulia, itaachia. Kamwe tusishuke mpaka Sake nayo ikiwa imefungwa.

Sita: barabara ikiinamia korongo, abiria wote washuke kwanza, kwa upande wa juu wa mlima. Shoferi apite peke yake. Mahali hapo ni jembe, mawe na mchanga kwanza, swichi baadaye, kama kweli inahitajika.

Saba: gari likikalia tumbo, yaani chini yake pamegusa matope na magurudumu yananing'inia, blokaji haina kazi. Chimbeni.

Nane: blokaji haisaidii freni. Kushuka mlima ni vitesi vya chini na uvumilivu.

Tisa: mara moja kila mwezi, hata kiangazi, shoferi aifunge na kuifungua mahali penye udongo laini, ili mota isishike kutu tena. Ni kama mlango wa ghala: usipofunguliwa mwaka mzima, bawaba zake zinakufa.

USHAURI WANGU WA ALHAMISI

Najua mama mmoja atasimama aseme: "Kabla ya blokaji kulikuwa na jembe." Ana haki. Mipira yenye meno mazuri, minyororo ya mipira, jembe mbili na mbao mbili ndani ya gari ni vitu vya bei ndogo, na bila hivyo blokaji haitatufikisha popote. Pikapu kama ile inabeba karibu tani moja. Sisi tunaipandisha magunia mpaka inalia, na juu yake tunakaa sisi. Blokaji haiwezi kutibu uzito. Na barabara yenyewe inaomba mifereji. Maji yakipata njia pembeni, matope hayawi shimo. Salongo ya Jumamosi mbili, kila familia na jembe lake, inaweza kuokoa safari nyingi kuliko mota yoyote. Tena magurudumu yanayozunguka bure ndiyo yanayochimba mashimo yale. Gari linalotoka bila kuchimba linamwachia jirani barabara.

Hata hivyo nitanyanyua mkono kukubali, kwa masharti manne. La kwanza: mkopo ni wa njia ya tatu tu, mota ya kiwanda ya ponti ya nyuma. Si ya kuchomelea, na ya mbele tuiache, maana ikifungwa usukani unakuwa mzito na shoferi wetu hajaizoea. La pili: feza zisipewe mkononi. Wamama wawili wa kamati waende naye, walipe mota, washuhudie jaribio, warudi na karatasi ya malipo. La tatu: mkopo ulipwe kidogo kidogo kwa kupunguza bei ya kila gunia letu, na iandikwe kwenye daftari la kisanduku mbele ya wote. La nne ndilo la moyo wangu: mama mwenye uchungu wa kuzaa akiitisha gari usiku, lije, na bei isijadiliwe mbele ya mlango wake. Itajadiliwa siku nyingine, mtoto akiwa ameshazaliwa.

Nilimsomea shoferi wetu masharti hayo jana jioni, akiwa ananawa mikono. Alisikiliza yote. La tatu alitaka kulibishia, akaacha. La nne hakungoja nimalize. Akasema: "Hilo, mama, usiliandike kama sharti. Andika kwamba nilisema ndiyo."

Basi nimeandika.

Mkutano ni Alhamisi, baada ya watu kutoka shamba, mahali petu pa siku zote. Mje na madaftari yenu ya akiba. Anayejua kusoma amsomee jirani yake karatasi hii kabla ya siku hiyo, hasa zile sheria tisa, maana anayepanda juu ya magunia ana haki ya kusema "Papa, simama kwanza, tushuke."

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwa mbegu za viazi. Zile mlizozitandaza chini ya kitanda, zigeuzeni. Zinazoota upande mmoja tu zinanikumbusha gurudumu la usiku ule.